Kurasa Zilizopigwa Mstari

Kila mwaka wa masomo unapokaribia kwisha, hukabidhiwa fomu ya alama na orodha ya wanafunzi wa shahada ya kwanza ya biolojia ambao miradi yao imependekezwa kwa tuzo ya utafiti, nami huungana na majaji wenzangu kuzunguka ukumbini kutoka bango moja hadi jingine. Wanafunzi huwa wamejiandaa vilivyo: nguo zimepigwa pasi, maelezo ya dakika 5 yamekaririwa, na michoro ya matokeo imechapishwa kwa rangi. Kabla sijasikiliza neno lolote kuhusu matokeo hayo, huomba kuona daftari. Nakusudia daftari lenyewe ambalo mwanafunzi alikwenda nalo shambani, msituni au maabara, lenye madoa na namba zilizoandikwa kwa haraka, si ripoti iliyochapwa. Baadhi yao hunitazama kwa mshangao, wengine huwa wameliacha bwenini na hulazimika kumtuma mwenzao akalilete, na wapo wachache ambao nyuso zao hukunjuka kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwauliza habari zake.

Desturi hiyo niliirithi kwa mwalimu aliyenikagua mimi, siku niliposimama pembeni mwa bango langu nikiwa mwaka wa tatu, na ili ieleweke sina budi kuanzia baharini.

Mradi wangu ulihusu mwani unaolimwa pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo hicho kilianza huko mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na kwa miaka yote hiyo wakulima wake wengi wamekuwa wanawake. Aina zinazolimwa ni mbili: mwani mwembamba, ambao jina lake la kisayansi ni Eucheuma denticulatum, na mwani mnene, Kappaphycus alvarezii. Mnene ndio wenye bei nzuri zaidi, kwa sababu ya karajinani inayopatikana ndani yake, ambayo viwandani hutumika kugandisha vyakula na kutengenezea dawa za meno. Lakini mnene hauvumilii joto. Maji ya kina kifupi yanapopata moto, matawi yake hupauka, hulainika, kisha hukatika na kuchukuliwa na mkondo, hali ambayo wataalamu huiita aisi-aisi, na mkulima aliyefunga kamba zake kwa wiki nyingi hurudi kukuta kamba tupu.

Swali langu halikuwa na makuu. Nilitaka kujua kama miche ya mwani mnene ikifungwa upande wa ndani, mahali ambapo maji hayakauki wakati wa kupwa, itapauka kwa kiasi kidogo kuliko ile iliyofungwa karibu na ufuko. Nilifunga kamba 10 ufukoni na kamba 10 upande wa ndani, kila moja ikiwa na miche 20 ya gramu 100, kwa vile vijikamba vidogo ambavyo wakulima huviita taitai. Kila bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, nilikwenda na mizani ya kuning'iniza, kipimajoto na daftari lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Anayefanya utafiti wa bahari hupangiwa kazi na mwezi: unapoandama na unapopevuka maji hukupwa sana na shamba hufikika kwa miguu, ilhali siku za maji mafu huna la kufanya ila kungoja. Ratiba ya chuo haikujua habari za bamvua, hivyo mara kadhaa nililazimika kuomba ruhusa ya kukosa vipindi, na si kila mwalimu aliitoa kwa moyo mkunjufu.

Bamvua la kwanza la kupima lilinishtua. Miche ya upande wa ndani, ambayo nilitarajia inawiri, ilikuwa imepungua uzito kuliko ile ya ufukoni, na taitai nyingi zilikuwa zimebaki na kijiti kisichozidi urefu wa kidole. Bamvua la pili likaja na hali ileile. Niliandika yote chini ya safu moja yenye neno "ugonjwa", nikajaza kurasa 7, na moyoni nilikwisha kuanza kutunga hitimisho kwamba maji ya ndani, kinyume cha dhana yangu, huzidisha maradhi ya mwani.

Aliyenizuia ni mama mwenye shamba la jirani, mtu mzima ambaye alikuwa akilima pale tangu kilimo hicho kilipoingia kijijini kwao. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kwa nini nimenyong'onyea. Nilipomwonyesha kamba zangu alichukua mche mmoja, akaugeuza kwenye mwanga na kusema, "Mwanangu, huu haukuumwa. Huu umeliwa." Akanishika mkono, akanipitisha kidole kwenye ncha za matawi. Zilikuwa zimekatwa safi, ngumu, na rangi ya kahawia ilifika hadi ukingoni kabisa. Kisha akaninyooshea mche mwingine kutoka kwenye kamba ya ufukoni: ncha zake zilikuwa nyeupe kama mfupa, na alipoziminya kidogo zilipondeka na kuacha utelezi kwenye ngozi. "Haya ndiyo maradhi," akasema. "Ule ni kazi ya tasi." Samaki hao, alinieleza, hupita kwa makundi maji yanapojaa, hupenda matawi machanga, na njia yao ilikuwa palepale nilipofunga kamba zangu za upande wa ndani.

Nilikaa juu ya ndoo yangu iliyofunikwa na kufungua daftari. Kurasa 7 zilikuwa zimechanganya mambo mawili yasiyohusiana, wala hapakuwa na njia ya kurudi nyuma kujua uzito upi ulipotea kwa maradhi na upi kwa meno ya samaki. Nikapiga mstari mmoja mwembamba katika kila ukurasa, ili maandishi ya chini yaendelee kusomeka, nikaandika tarehe na sababu, kisha nikafungua ukurasa mpya wenye safu mbili: "imeliwa" na "imepauka". Muhula ulikuwa umebakiza wiki 9. Nilifunga miche mipya alasiri hiyohiyo, na mama yule alinisaidia kamba mbili kabla maji hayajarudi.

Siku za kuandika ripoti zilipowadia, rafiki yangu wa karibu alinishauri ninunue daftari jipya na kunakili upya vipimo vizuri peke yake, kwani majaji wa tuzo, alisema, wasingependa kuona uchafu. Nililinunua. Nilinakili ukurasa mzima kwa mwandiko wa kupendeza, na nilipokuwa katikati ya ukurasa wa pili niligundua kwamba nimeandika nyuzijoto 31 mahali ambapo daftari la baharini lilionyesha 34. Kosa hilo la kunakili lingebaki humo milele likiwa limevaa sura ya ukweli. Nililifunga daftari jipya, na baadaye nililitumia kwa hesabu za matumizi ya nyumbani.

Matokeo yangu ya mwisho hayakuwa ya kutetemesha ukumbi. Katika maji ya ndani mwani ulipauka kwa kiasi kidogo kuliko ufukoni, kama nilivyodhani, lakini uliliwa zaidi, na mavuno ya pande zote mbili yalikaribiana. Nilisimama mbele ya bango hilo nikiwa na wasiwasi mkubwa, kwa sababu kulia kwangu palikuwa na mradi wa vinasaba uliotumia mashine ambazo mimi sikuwahi hata kuzigusa, na kushoto palikuwa na mwanafunzi aliyekuwa na ufaulu wa juu kuliko sote.

Jaji aliyefika kwangu alikuwa mwalimu wa makamo ambaye hakuwahi kunifundisha. Alisoma bango kwa utulivu, kisha akaomba daftari. Alipofika kwenye kurasa zile 7 alisimama, akauliza kwa nini zimepigwa mstari. Nilianza kueleza kwa Kiingereza, na maneno yakanigonga mdomoni, ndipo aliposema, "Nieleze kwa Kiswahili, kama ulivyoelezwa wewe huko baharini." Nikamsimulia habari ya mama, ncha za matawi na tasi. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo sijalisahau: "Mama huyo asingekuwapo siku ile, ripoti yako ingesema nini?" Nikajibu kwamba ingesema maji ya ndani huleta maradhi. "Na nani angeumia?" Nilifikiri kidogo, nikajibu kwamba ni wakulima wenyewe, kwa kuwa mtu angeweza kuwakataza kuhamisha kamba zao kwa kutegemea kurasa zangu. Aliandika kitu kwenye fomu yake, akanishukuru na kwenda bango la pili.

Jioni ile nilitajwa kuwa mshindi wa mradi bora wa biolojia. Nilipewa cheti, fedha kidogo zilizotosha kulipa deni la nauli za kwenda na kurudi shambani, na ikisiri ya kazi yangu ikawekwa katika jalada la kitivo pamoja na jina langu na tarehe. Wakati ule niliona hilo la jalada ni jambo la karani tu.

Msimamizi wangu aliponipongeza ofisini mwake hakuzungumza juu ya cheti. Alinisimulia habari za Alfred Sturtevant, ambaye mwaka 1911 alikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Columbia, akifanya kazi katika chumba cha nzi wa matunda cha Thomas Hunt Morgan. Siku moja, baada ya mazungumzo na Morgan, kijana huyo aling'amua kwamba jinsi sifa mbili zinavyorithiwa pamoja mara nyingi au mara chache inaweza kuonyesha umbali kati ya jeni zake kwenye kromosomu. Akaenda nyumbani, akaacha kazi za darasani zilizomngoja, na usiku huo akachora ramani ya kwanza ya jeni duniani. Makala yake ilichapishwa mwaka 1913, na mwandishi wake alikuwa Sturtevant peke yake. Msimamizi wangu alikazia hapo: Morgan, mwenye maabara, mwenye nzi na mwenye mazungumzo yaliyozaa wazo, hakuliweka jina lake. Kisha akanikumbusha mfano wa hapa kwetu, ule wa Erasto Mpemba, ambaye makala yake na mwanafizikia Denis Osborne kuhusu maji ya moto yanayoganda mapema ilipotoka mwaka 1969, jina la kijana ndilo lililotangulia la profesa.

Sasa kwa kuwa mimi ndiye ninayeshika kalamu ya alama, nimeona mengi yanayoweza kuipotosha tuzo ya namna hii, nami nayasema kwa uchungu kwa sababu naithamini. Mahali pengine mwanafunzi hupendekezwa kwa sababu ya ufaulu wake katika mitihani, kana kwamba mtihani na utafiti ni kitu kimoja, na yule mwenye alama za kati aliyekesha akihesabu popo au kukusanya mbegu kazi yake haionyeshwi kwa majaji. Mahali pengine mashine huwapumbaza majaji. Mwanafunzi aliyepelekwa kwenye maabara kubwa na kukabidhiwa sehemu ya mradi wa msimamizi huja na picha zinazovutia, lakini ukimwuliza ni nani aliyechagua swali, na kwa nini sampuli ni 12 na si 6, hukosa la kusema, wala si kosa lake, maana hakuna aliyemshirikisha katika kufikiri. Na lugha nayo huwaangusha wengi. Kwa sababu hiyo sikubali kumpunguzia mtu alama kwa kigugumizi cha Kiingereza, nami humruhusu kila anayetaka ajieleze kwa Kiswahili, kwani tunachopima ni biolojia.

Nakumbuka hasa mwanafunzi mmoja wa kike aliyechunguza viluwiluwi vya mbu katika mashimo yanayoachwa na wafyatuaji wa matofali. Alitazamia kuwakuta Anofelesi, mbu waenezao malaria, katika kila shimo lenye maji. Jedwali lake lilikuwa na sifuri nyingi, na kila sifuri ilikuwa na saa, hali ya maji na idadi ya michoto aliyoteka kabla ya kuiandika. Jaji mwenzangu alisema mradi huo hauna matokeo. Nilimwomba ahesabu ni mara ngapi binti yule alirudi kwenye shimo lilelile ambalo halikumpa kitu, naye akakuta mara 9. Mtu anayerudi mara 9 kuandika sifuri kwa ukamilifu uleule ndiye ambaye siku moja akiandika 40 utamwamini. Tulijadiliana kwa muda mrefu kuliko mradi mwingine wowote siku ile, na mwishowe alipata nafasi ya pili. Mpaka leo naona alistahili ya kwanza.

Narudi kwenye jalada la kitivo. Mwaka mmoja baada ya tuzo yangu nilihudhuria warsha kuhusu rasilimali za pwani, nikakuta jedwali langu likionyeshwa ukutani. Safu zangu mbili zilikuwapo, "imeliwa" na "imepauka", hata mpangilio wa kamba ulikuwa uleule, ila mtoa mada alilieleza kana kwamba ni vipimo vyake. Nilihisi mwili ukipoa. Nilipomfuata msimamizi wangu siku ya pili hakupaza sauti. Alikwenda kwenye kabati, akatoa jalada la tuzo lenye ikisiri yangu na tarehe, akaandika barua fupi, na baada ya majuma machache taarifa ya warsha ilisahihishwa kwa jina langu. Bila ile karatasi ya tuzo ningekuwa na neno langu tu dhidi ya la mtu mwenye cheo. Tangu hapo nimewaambia wanafunzi kwamba fedha za tuzo huisha na cheti hufifia, lakini maandishi yenye tarehe yanayosema kazi fulani ilifanywa na mtu fulani ni kinga kwa kijana ambaye bado hana chochote kingine cha kumlinda.

Msimamizi wangu aliniambia jambo hilo ni la zamani. Mwezi Machi 1827, Charles Darwin, akiwa mwanafunzi wa miaka 18 mjini Edinburgh, alikuwa ameokota na kuchunguza viumbe vya baharini chini ya uangalizi wa mwanazuolojia Robert Grant. Tarehe 27 alisoma uvumbuzi wake mbele ya chama cha wanafunzi kilichoitwa Plinian, lakini siku 3 kabla, Grant alikuwa amekwisha kuutangaza katika chama cha wakubwa. "Wewe umepata haki yako upesi," akasema, kisha akanyamaza na kuniuliza kwa upole, "Na yule mama wa tasi, umemwandika wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemsimulia kwa majaji, nilikuwa nimemsimulia kwa marafiki, lakini katika bango, katika ripoti na katika ile ikisiri iliyonitetea, hakutajwa popote. Niliandika kwamba "uchunguzi wa karibu ulibainisha" tofauti ya mche ulioliwa na mche uliopauka. Uchunguzi huo ulikuwa na jina, na jina hilo nililifahamu. Yale yaliyoniuma kwa siku chache ukutani mwa warsha mimi nilikuwa nimeyafanya kwa mwaka mzima, nikiwa na cheti chumbani.

Niliomba ruhusa ya kusahihisha ripoti. Msimamizi alikubali mara moja, nasi tukaongeza aya inayosema waziwazi ni nani aliyetambua alama za tasi, siku gani na kwa njia gani, pamoja na majina ya wakulima wengine watatu walioniazima vigingi na kunilinda kamba zangu nisipokuwapo. Nakala moja iliwekwa katika jalada la tuzo. Nakala nyingine niliipeleka kijijini wakati wa bamvua, nikijua kwamba siku nyingine yoyote nisingemkuta nje.

Nilimkuta akipakia mwani kwenye polo. Nilimwamkia, nikamwomba radhi, nikamweleza kosa langu lote bila kuficha. Alifuta mikono kwenye kanga, akaketi juu ya polo na kusoma ile aya polepole, midomo ikifuata maneno. Alipomaliza hakuzungumzia jina lake. Aligeuza ukurasa, akatazama mchoro wa mavuno ya pande mbili, akaniuliza maana ya mistari, nami nikamweleza.

"Kwa hiyo huko ndani unapauka kidogo," akasema.

"Ndiyo, bi mkubwa."

"Na wengi wetu hapa hatujui kuogelea. Tutakwendaje kufunga huko?"

Katika kurasa zote nilizoandika, zilizofutwa na zisizofutwa, swali hilo halikuwamo. Nilitoa kalamu, naye akasogea kando ili nami nipate pa kukaa, akaanza kunitajia ni nani kijijini mwenye ngalawa, na ni siku zipi za mwezi anazoweza kuiazima.